Mafuta ya Ziwa Albert: tuulize kwanza ni mafuta ya namna gani

Kila mara Kinshasa inapotaja mafuta na Ziwa Albert, huku Ituri maswali ni yaleyale: kazi ngapi, barabara lini, nani atapata soko la kupeleka mchanga na mawe. Ni maswali ya haki. Lakini liko swali moja ambalo sijalisikia katika mkutano wowote, si Bunia wala Tchomia: hayo mafuta ni ya namna gani? Kwangu hilo ndilo la kwanza, maana bei, bomba na usalama wa samaki wetu vyote vinatoka humo.

Wengi wanadhani mafuta ghafi ni kitu kimoja, kama esansi ya kwa kadafi ila chafu zaidi. Sivyo. Ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali, na kila kisima kina mchanganyiko wake. Kwa uzito, kaboni ni kama asilimia 83 hadi 87, hidrojeni 10 hadi 14. Kinachobaki ni salfa, naitrojeni, oksijeni na chembe za metali kama nikeli na vanadi. Hicho kidogo kinachobaki ndicho kinacholeta ugomvi wa bei. Mafuta yenye salfa chini ya nusu ya asilimia moja huitwa matamu na wanunuzi huyakimbilia. Yenye salfa nyingi hupunguziwa bei, kwa sababu kuisafisha ni gharama. Tena kuna kipimo cha wepesi kiitwacho API: maji yana 10, mafuta ya Brent ya Bahari ya Kaskazini yana takribani 38, na yaliyo chini ya 22 ni mazito, hutoa esansi kidogo na lami nyingi.

Anayeona haya ni mambo ya wasomi tu aangalie Muanda, nchini mwetu wenyewe. Mafuta yanachimbwa kule tangu miaka ya 1970. Kiwanda cha kusafishia cha SOCIR kilijengwa palepale miaka ya 1960, lakini kilitengenezwa kwa mafuta mepesi ya kutoka nje, na mafuta ya Kongo yakaonekana mazito mno kwake. Kwa hiyo tunauza ghafi nje, kisha tunanunua esansi na mazutu kwa bei tunayoambiwa. Kemia haikuwasubiri wanasiasa.

Upande wetu wa Ziwa Albert hakuna hata kisima kimoja kinachotoa mafuta. Ila ng'ambo, Uganda, waliyapata mwaka 2006, na kwa kuwa bonde ni moja, yao yanatupa picha. Yana salfa kidogo, hiyo ni heri. Lakini yana nta nyingi. Mama yeyote wa Bunia anajua jinsi mafuta ya mawese yanavyoganda ndani ya bidoni asubuhi ya baridi. Haya ya ziwani huganda kwenye joto la nyuzi 40 hivi, yaani hata juani Kasenyi yanaweza kubaki magumu. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, Tanzania, limeundwa likiwa na mfumo wa kulipasha moto, mafuta yakae juu ya nyuzi 50. Kila mtu anayetuahidi mafuta ya Ituri atuambie pia yatapita wapi, na nani atalipa moto huo.

Sasa fikiria mafuta hayo yakimwagika. Maji ya ziwa hayafikii nyuzi 40. Nta itaganda, itaelea kama mabonge na kushika nyavu na mitumbwi. Sehemu nyepesi nyingi zitapotea hewani, lakini benzini, ambayo huleta saratani ya damu, huyeyuka kiasi ndani ya maji, na huioni kwa macho. Mvuvi atavua kapiteni na tilapia kama kawaida.

Hapo ndipo uchunguzi wa maabara unapogeuka kuwa haki ya mwananchi. Mafuta yana alama zake kama vidole vya mtu: mabaki ya viumbe walioishi zamani sana, ambayo mashine ya kromatografia huyatenganisha na kuyapima moja moja. Ukiwa na sampuli ya kila kisima, bonge lililookotwa pwani linaweza kusema limetoka wapi. Bila sampuli hizo, kila mtu atamnyooshea jirani kidole, Kongo itasema Uganda, Uganda itasema Kongo, na ziwa hili tayari limetugombanisha vya kutosha: tarehe 8 Septemba 2007 marais walilazimika kukutana Ngurdoto, Tanzania, kutuliza mambo. Na kwa kuwa mafuta ya bonde moja hufanana kama ndugu, makisio hayatatosha. Itahitajika hesabu kamili.

Wapo watakaoniambia Djugu watu wanakimbia vita, nami nazungumzia maabara. Nawaelewa. Wengine watasema mafuta haya hayatatoka, maana mnada wa bloku uliofunguliwa Julai 2022 ulifutwa Oktoba 2024. Basi huo ndio wakati mzuri. Sampuli ya maji ya ziwa, ya tope na ya samaki inayochukuliwa leo, kabla ya mtambo wowote, ni ushahidi. Ile itakayochukuliwa baada ya kuchimba, kampuni yoyote itasema uchafu ulikuwapo tangu zamani, nasi tutajibu nini? Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Kupima maji mara nne kwa mwaka pale Tchomia, Joo na Mahagi-Port ni pesa ndogo sana pembeni yake.

Wabunge wa Ituri mkipelekewa mkataba mwingine, tafuteni humo ukurasa unaosema nani anachukua sampuli, nani anazihifadhi, na matokeo yanabandikwa wapi kwa Kiswahili ili mvuvi ayasome. Nusu ya sampuli ikae hapa Ituri, chini ya ufunguo wa watu wasiolipwa na mchimbaji. Ukurasa huo usipokuwepo, msipige kura.