Takwimu za Hospitali Zirudi Wodini

Tarehe 22 Mei 2020 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchambua rekodi za wagonjwa wa UVIKO-19 wapatao 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Ulisema wagonjwa waliopewa hydroxychloroquine walikufa zaidi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusitisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo.

Takwimu zote zilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Marekani, Surgisphere. Wanasayansi walipotaka zikaguliwe, kampuni ikakataa kuzitoa, na Juni 4 utafiti ukafutwa. Kati ya wagonjwa hao, zaidi ya 4,000 walidaiwa kutoka Afrika, tena wakiwa na rekodi kamili za kielektroniki. Anayezijua wodi zetu, ambako faili la karatasi ndilo kumbukumbu ya mgonjwa, alikuwa na haki ya kushtuka. Ni kweli kwamba dawa hiyo ilibainika kutowasaidia waliolazwa, lakini jambo hilo tulilijua kwa jaribio la RECOVERY lililofanyika katika hospitali halisi za Uingereza.

Wapo waliotoka hapo wakiamini kwamba majukwaa ya pamoja ya takwimu za hospitali ni hatari tupu. Siafikiani nao. Ugonjwa usioonekana mara kwa mara hauwezi kueleweka kwa wagonjwa wa hospitali moja, hata daktari wake awe hodari namna gani. Tatizo la Surgisphere lilikuwa kwamba hakuna mtu wa nje aliyeweza kuchukua tarakimu moja na kuifuata hadi kitandani ilikotoka.

Mwaka huohuo Uingereza ilionyesha njia nyingine. Katika jukwaa la OpenSAFELY, lililoanza na rekodi za watu zaidi ya milioni 17, mtafiti haondoki na rekodi ya mtu yeyote. Anaandika programu, programu inapelekwa kule rekodi zilikohifadhiwa, naye anarudishiwa majumlisho tu. Programu yenyewe huwekwa hadharani ili mwenye shaka aikague. Mpangilio huu unajibu hofu ambayo kufuta majina pekee hakuiondoi: katika kata ndogo, umri, kijiji na ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha mgonjwa kwa majirani zake.

Hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano wa ushirikiano. Tangu 2013 Wizara ya Afya ya Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome na chama cha madaktari wa watoto wamekuwa wakiendesha mtandao wa wodi za watoto uitwao Clinical Information Network. Mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani, au akifariki, karani wa takwimu huchukua faili lake na kuingiza yaliyomo: dalili, vipimo, dawa na dozi. Halafu ripoti hurudi hospitalini. Daktari huona ni mara ngapi wodi yake imeacha kuandika dalili muhimu au imetoa dozi isiyo sahihi, na uandishi wa mafaili katika hospitali hizo umeboreka. Kwangu, kurudi huko kwa ripoti ndiko kunakoupa mtandao uhalali. Muuguzi anayejaza fomu usiku akiwa na wodi iliyofurika anastahili kuona kazi yake imezaa nini.

Gharama ni kubwa, wala tusiifiche. Karani anahitaji mshahara, seva inahitaji umeme na fundi. Mifumo mingi ya namna hii hulipiwa na wafadhili wa nje, na mfadhili akiondoka karani huwa wa kwanza kukosa ajira. Serikali isiyotenga fedha za kutunza takwimu za wagonjwa wake inamwachia mwingine aamue zitumikeje.

Sheria za kulinda taarifa binafsi tayari tunazo. Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, Tanzania 2022, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Kinachobaki ni ujasiri wa kuzitumia pale mkataba wa kutumia takwimu za hospitali unapoletwa mezani. Wakurugenzi wa hospitali na maofisa wa wizara, msitie saini kabla mkataba haujasema wazi rekodi zitakaa wapi, nani atakagua uchambuzi, na ripoti itaifikia lini wodi iliyozitoa.