Kalisi ya Fedha na Jirani Mwenye Njaa

Kwenye jumuiya ndogo ndogo huko Kwa Mrombo, mama mmoja alituuliza sisi mafrateri: kalisi ya thamani ya nini wakati jirani analala njaa?

Tuanze na majirani zetu Walutheri, ambao imani yao ililetwa hapa Meru na wamisionari wa Leipzig. Mwaka 1525, Zwingli alitumia vyombo vya mbao kule Zürich. Walutheri wa mwanzo hawakufuata njia hiyo; wengi walibaki na kalisi za fedha zilizokuwapo makanisani. Lakini kwa kuwa sasa waamini wote walikunywa, walianza kutengeneza vikombe vikubwa zaidi. Fedha ilibaki, ila iliwafuata watu.

Kanisa letu nalo linaagiza vyombo vya madini bora, na tunaona ni haki. Hata hivyo, Mtakatifu Ambrosi wa Milano aliyeyusha vyombo vitakatifu ili kuwakomboa mateka.

Basi mama yetu tunamjibu hivi: kalisi ing'ae, lakini bahasha ya jirani mwenye njaa itangulie ile ya kalisi. Tukishindwa hilo, tunaheshimu kikombe na kumsahau Yule aliyemo.