Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Tuitazame Sakafu



Ndugu wazazi na wanafunzi, mashindano ya roboti yanazidi kuwavutia vijana wetu, nasi tunafurahi. Lakini lipo jambo moja ambalo wengi wetu hatulijali, nalo ni sakafu.

Huko Kanada na Marekani, baadhi ya mashindano haya hufanyika katika viwanja vya barafu, mfano wa kile kilichofunguliwa Nairobi katika hoteli ya Panari mwaka 2005, ila vya huko vina viti vya maelfu ya watu. Barafu hufunikwa kwa mbao za kuzuia baridi, kisha hutandikwa zulia la mchezo. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Toa chupa ya soda kwenye friji, uiweke mezani hapa Kamembe, mara utaiona inatoka jasho. Ndivyo ilivyo sakafu ile. Joto na pumzi za watu vikikutana na baridi ya chini, unyevu hujikusanya, zulia likalowa, magurudumu yakateleza. Na pale mbao zinapoungana bila kuwa sawa, roboti ya zaidi ya kilo 50 huacha njia yake.

Sisi tunaotunza mazulia ya msikiti juu ya saruji tunajua, wakati wa mvua, jinsi unyevu unavyopanda bila kuonekana.

Mchezo mmoja ni wa dakika chache tu. Mtoto amejiandaa kwa miezi, wazazi wamechangishana nauli, kisha kazi yote inaharibiwa na ubao uliokaa vibaya! Wapo watakaosema kwamba sakafu ni moja kwa wote. La hasha! Upande mmoja ukiwa mkavu na mwingine umelowa, hapo hakuna uadilifu.

Rai yetu ni kwamba waandaaji waulize kabla ya kukodi ukumbi: barafu itaondolewa? Mbao zimepimwa usawa? Ipo mashine ya kukausha hewa? Kama hakuna, afadhali ukumbi wa shule wenye saruji iliyonyooka. Nasi hapa Rusizi, tukiandaa mashindano yetu, tutandike zulia siku moja kabla na roboti zijaribiwe kila kona.

Na mtoto akirudi ameshindwa, tusianze na lawama. Tumuulize kwanza: sakafu ilikuwaje?

Wabillahi tawfiq.