Goma: Ramani ya matetemeko ya ardhi iwafikie pia wakaaji

Wakaaji wa Goma hawajasahau mwezi wa tano 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 jioni, kisha ardhi ikatetemeka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Tarehe 27 gavana aliamuru watu wahame sehemu ya mji. Wengi walikimbilia Sake, wengine Rwanda ao Bukavu.

Wakati raia walikuwa wakihesabu nyufa za nyumba, wataalamu walikuwa wakihesabu nukta. Kila tetemeko ni nukta moja kwenye ramani. Mtu akimwaga maharagi juu ya busati, yanatawanyika ovyo. Lakini akiyakuta yamekaribiana kwa mstari, atajua kuna kitu kimeyasukuma. Hesabu ya nukta hizo ilionyesha matetemeko yakielekea kusini, chini ya mji hadi chini ya ziwa Kivu. Ni magma iliyokuwa ikipita chini ya nyumba za watu.

Hesabu hiyo haitaji siku wala saa ya tetemeko lijalo. Inaonyesha ni wapi ardhi hutetemeka mara kwa mara. Na nukta zinategemea mashine. Pahali pasipo mashine, ao pale vita vinazuia mafundi kufika, ramani inabaki nyeupe. Weupe huo si usalama. Ni ukosefu wa habari.

Kuna watakaosema: aliyekimbia risasi atajali nini tetemeko? Atajali sana. Familia iliyohama mara mbili ina haki ya kujua udongo ambako itajenga mara ya tatu. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, tetemeko la kipimo cha 5,9 liliangusha nyumba na kuua watu Bukavu na ngambo ya Rwanda. Nyumba dhaifu ndiyo huua, kuliko mtikisiko wenyewe.

Kwa hiyo ramani hizo zisifungwe ofisini, kwa Kifaransa na tarakimu tupu. Zisomwe redioni kwa Kiswahili, kartie kwa kartie. Viongozi wanaotafuta kiwanja cha wahami waziangalie kwanza. Na wenye silaha, wa kila upande, wawaache mafundi wapite kulinda mashine. Tetemeko halichagui upande wa vita.