*TAMKO LA TAWI: BETRI CHAKAVU ZIANDIKWE*



Betri za sola na pikipiki zilizokufa zinanunuliwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Hatupingi biashara hiyo. Tunapinga mzigo kuondoka bila maandishi.

Ndani ya betri mna asidi na madini ya risasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi za 2021 zinadai kibali na kumbukumbu.

Wapo wanaosema daftari litafukuza wanunuzi. Anayekimbia kuandikwa, mzigo anaupeleka wapi? Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha haimrudishi mtoto aliyekufa.

Msimamo wetu: serikali ya kijiji ifungue daftari, liandikwe jina la mnunuzi, namba ya kibali, kilo na mzigo unakokwenda. Hoja hii tutaipeleka mkutano mkuu wa kijiji. Sisi wanachama tuanze leo: asiye na kibali tusimuuzie, na asidi tusiimwage karibu na kisima.

*Uongozi wa Tawi, Narung'ombe*