Klabu zilizozaliwa kanisani



Tarehe 1 Machi 2020 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Jioni ile Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa bao la kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi kwenye uwanja wa Wembley. Villa walilala 2-1 mbele ya Manchester City, lakini huku kwetu nani alijali? Kijana wa Mbagala alikuwa amefunga Wembley.

Kuna jambo kuhusu fainali ile ambalo halizungumzwi sana vibandani. Klabu zote mbili zilizaliwa kanisani. Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Wamethodisti mjini Birmingham. City ilitokana na parokia ya Kianglikana ya Mtakatifu Marko, West Gorton, mwaka 1880, mahali ambapo vijana walikuwa wakiangamia kwa ulevi na ugomvi wa magenge. Everton nayo ni mtoto wa Wamethodisti. Southampton hadi leo wanaitwa Watakatifu, kwa sababu walianzia katika kanisa la Mtakatifu Maria.

Mimi ni shabiki wa Celtic ya Glasgow, na sababu yangu ni bruda mmoja. Bruda Walfrid wa Shirika la Marist, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Kikatoliki upande wa mashariki wa mji ule. Watoto wa wahamiaji wa Ireland walikuja shuleni na njaa. Mwaka 1887, katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, yeye na wenzake walianzisha timu ili viingilio vya mechi vinunue chakula cha watoto maskini. Ilianza kama sahani ya mchana, kikombe kikaja baadaye. Miaka 80 baadaye, mwaka 1967, Celtic ilitwaa Kombe la Ulaya mjini Lisbon ikiwa na wachezaji waliozaliwa wote ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao. Sijui kama tutaona tena kitu kama kile katika soka la mabilioni.

Nisiwapambie. Mwaka 1897 klabu iligeuzwa kampuni, na wale watoto hawakuwa tena sababu ya kwanza ya mechi. Na uhasama wa Celtic na Rangers uliwagawa Wakatoliki na Waprotestanti kiasi kwamba Rangers walipomsajili Mkatoliki Maurice Johnston mwaka 1989, ilikuwa habari ya nchi nzima na mashabiki wa pande zote mbili walikasirika. Utambulisho unaweza kumlisha mtoto, na unaweza pia kumfanya mtu amtukane jirani yake kwa jina la Bikira Maria. Tunaojivunia ukabila wetu, udini wetu na hata Usimba na Uyanga wetu, hapo tunaelewana.

Lakini habari inayoninyima usingizi kama padre ni ya Dortmund. Vijana wa chama cha kitume katika parokia ya Utatu Mtakatifu walipenda mpira. Paroko msaidizi wao, Padre Hubert Dewald, aliuona mpira kuwa upuuzi na ushenzi, akaupiga vita. Tarehe 19 Desemba 1909 vijana 18 walikutana katika baa moja jirani wakaunda klabu yao. Padre alikwenda kuwazuia, wakamzuia yeye mlangoni. Ndipo ilipozaliwa Borussia Dortmund, ambayo leo hujaza watu zaidi ya 80,000 uwanjani kwake. Walikuwa vijana wa sala, tena wa parokia yake mwenyewe, na kikao chao kilihamia baa kwa sababu kwa padre hapakuwa na nafasi.

Sisi nasi tunalalamika. Kijana anajua wachezaji wa akiba wa Arsenal lakini hamjui mwenyekiti wa jumuiya yake. Jumapili mchana yuko kwenye kibanda umiza, mkeka wa kubeti mfukoni, na fedha ya ada imo humo. Hilo la kubeti tulikemee bila kumung'unya maneno, maana nyumba zinavunjika. Lakini kupenda timu si ugonjwa. Kijana yule anavaa jezi ya timu iliyofungwa jana, anataniwa njia nzima, na bado anaivaa. Uaminifu wa namna hiyo tunautafuta katika jumuiya kila wiki. Yeye anao tayari, ila ameupeleka alikopokelewa.

Ndiyo maana nina neno kwa halmashauri za walei, hasa za mijini. Viwanja vilivyokuwa nyuma ya makanisa vinageuzwa fremu za maduka. Nazijua sababu: paa linavuja, ujenzi wa nyumba ya mapadre umesimama, na kodi ya fremu haingoji sadaka. Hata hivyo, kabla ramani haijapitishwa, mjumbe mmoja asimame aulize vijana watacheza wapi saa kumi jioni. Akijibiwa kwamba vibanda vipo, aombe hoja irudishwe kikao kijacho, na paroko aandike jina lake katika kumbukumbu.