Bomba Likipasuka, Asilaumiwe Fundi Peke Yake



Kila bomba la mvuke likipasuka penye mshono, wakubwa huuliza: "Nani alichomelea?" Hatujasikia hata siku moja wakiuliza vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimewekwa wapi.

Katika kiwanda kimoja cha sukari ambako nilifanya kazi, tuliunganisha bomba nene jioni moja ya mvua. Vijiti vilitoka stoo katika paketi iliyofunguliwa siku nyingi. Mwenzetu aliomba vikaushwe kwanza. Akajibiwa kwamba miwa inaharibika uwanjani. Asubuhi mshono ukajaribiwa kwa maji, ukasifiwa. Siku ya tatu ulifanya ufa, mvuke ukatoka kwa kishindo. Kwa bahati hapakuwa na mtu karibu. Fundi akafukuzwa kwa uzembe.

Basi tuseme wazi. Hapa Kakamega mvua ni nyingi, na ganda la dawa lililo juu ya kijiti hunyonya unyevu kama chumvi. Moto wa umeme huyavunja maji hayo, haidrojeni ikaingia katika chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa, hasa kikiwa kinene, haidrojeni hiyo hukusanyika ukingoni mwa mshono, mahali palipokuwa pagumu, ikapapasua polepole. Ufa waweza kuchukua saa 48 au zaidi kutokea. Maji ya kujaribia, hata yakisukumwa kwa mara moja na nusu ya nguvu ya kazi kama ilivyo desturi, hayawezi kuonyesha ufa ambao bado haujazaliwa.

Sisemi mafundi hatukosei. Wako wanaoharakisha mkono, chuma kisishikane mpaka chini, na takataka ikabaki ndani ya mshono. Huyo na aonywe. Lakini tanuri ya kukaushia vijiti si mali ya fundi. Vijiti vya haidrojeni kidogo vyataka joto la kupita digrii 250, na chuma kinene chataka kupashwa moto kabla ya kuchomelewa.

Tajiri atasema kungoja siku mbili kabla ya kukagua ni hasara. Kule Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bombani iliwaka, ikaua watu zaidi ya 100. Ile haikuwa habari ya vijiti, lakini hasara ni ile.

Wajumbe wetu wadai tanuri iandikwe katika mapatano, na karani wa stoo atie sahihi tarehe ya kufungua kila paketi.